Anayelaza Shavu kwenye Reli

Kaloleni, Voi
Jumanne, 2 Julai 1974

Dada Mable,

Pokea salamu za mwanamume pekee wa Voi ambaye bado anatembea gizani bila kushika ukuta. Nimeanza hivyo ili ujue mara moja kwamba huku mambo si mambo, na ujue pia ni nani wa kutegemewa.

Kazi iko. Mashine inasaga majani ya mkonge, mimi nailisha mashine, na nyapara anasema hajawahi kuajiri mdomo mrefu kama wangu. Bado nakaa Kaloleni na Mwandawiro, yule Mtaita wa Sagalla mwenye miguu inayonuka. Uliniuliza kwa nini nalipa chumba na hali landhi, nyumba ya wafanyakazi wa reli aliyopewa baba, iko hapo ng'ambo tu. Dada, Mombasa imekusahaulisha kwenu? Mwanamume aliyetoka jandoni alale chumba kimoja na mama yake! Kwetu Maragoli ningekuwa na kibanda changu. Reli imempa baba chumba kimoja na dirisha moja, basi kibanda changu ni Kaloleni. Jioni nakula kwa mama, nikishiba navuka reli narudi.

Sasa habari yenyewe. Voi tumepata mkimbiaji wa usiku. Ndiyo, kama wale wa kwetu, wanaovua nguo na kuzungukia nyumba za watu. Aliyemwona kwanza ni Ochola, msimamizi wa genge la reli, na Ochola si mtu wa porojo. Alikuwa anaenda kazini kabla hakujapambazuka. Pale kwenye tangi, magari ya moshi yanapokunywa maji, kulikuwa na kitu kimesimama chini ya bomba linalovuja. Nguo imeshushwa hadi kiunoni, kichwa kimefunikwa, mikono imetanuliwa. Maji yanakidondokea na hakitetemeki. Kwa baridi hii ya Julai! Ochola akapiga kelele. Kile kitu hakikukimbia. Kiliondoka polepole, kama mtu anayetoka kanisani. Hapo ndipo Ochola alipoogopa, kwa sababu mkimbiaji asiyekimbia ni wa aina gani?

Kulipokucha, nyayo za maji zilikuwa kwenye saruji mbele ya landhi. Miguu mitupu, mizuri, ya binadamu.

Mama hajambo, ila amekuwa mkali. Juzi alinigombeza kwamba napumua kwa nguvu. Blanketi jipya la baba amempa Wakesho jirani, dada yake Mwandawiro. Nikamwambia, mama, uzee umebisha hodi. Akanirushia mwiko. Bado ana shabaha.

Ni mimi nduguyo,
Fanuel


Mombasa
Jumamosi, 6 Julai 1974

Fanuel,

Barua yako imesomwa na bweni zima la wanafunzi wauguzi na tumecheka hadi tumefukuzwa jikoni. Ati mwanamume pekee! Si wewe uliyelia ulipofungiwa stoo na kuku?

Achana na mkimbiaji wako. Hapa tunafundishwa kwamba mchawi wa kwanza ni mbu na wa pili ni maji machafu. Ochola apimwe macho.

Nimekwama kwa mama. Mtu anayegawa blanketi Julai ana homa au ana jambo. Mwangalie vizuri, wacha mzaha. Amekonda? Anakohoa? Anatoka jasho usiku? Kifua kikuu huanza hivyo hivyo, kimya kimya. Niandikie upesi, na usimwambie kwamba nimeuliza.

Dadako,
Mable


Kaloleni, Voi
Alhamisi, 11 Julai 1974

Muuguzi mkuu wa bweni,

Hakohoi. Amekonda kidogo. Jasho la usiku nitalijuaje na mimi nalala huku? Ila shuka zake ziko kwenye kamba kila asubuhi, zimefuliwa. Kila asubuhi! Nikamuuliza baba kama ameanza kukojoa kitandani, akavua mshipi. Nimekimbia na chakula mkononi.

Sasa nyamaza unisikilize. Sikuambii niliyosikia. Nakuambia niliyoyaona.

Mwandawiro nami tulijificha kwenye tuta la reli alfajiri. Giza lilikuwa linaanza kufifia, lile la kijivu ambalo mti unafanana na mtu. Kikatokea upande wa landhi. Kanga kichwani, mabega wazi. Kikafuata njia ya treni, kikapiga magoti, na dada, kikalaza shavu juu ya reli. Kama mtu anayesikiliza mlangoni. Kikakaa hivyo. Halafu kikageuza shavu la pili. Kikawa kinanong'ona, kinaongea na chuma.

Na yule mbwa wa landhi, Kamata, ambaye amemng'ata hata mkuu wa stesheni, alikuwa amelala pembeni yake anatikisa mkia.

Mwandawiro akasema, "Tazama, anaita treni." Nywele zikanisimama. Akikuambia kwamba mimi ndiye niliyetangulia kukimbia, ujue ana wivu.

Lakini sasa basi. Jumamosi ya tarehe ishirini, watu wa genge wakishatoka kazini, tunamzunguka. Ochola ameleta kamba. Anasema kwao kitu kama hicho kikishikwa kinafungwa mtini hadi jua litoke, kila mtu auone uso, halafu kila mtu ana jiwe lake. Mimi nimechaguliwa kukaa mbele kabisa, mtaroni, kwa sababu ya macho yangu. Baba atakuwa kazini akigeuza njia za treni, lakini ametuazima taa yake.

Wakesho peke yake ndiye anayepinga. Anasema kwao milimani mwanamke akipandwa na pepo hupigiwa ngoma acheze hadi pepo amtoke, hapigwi mawe. Nikamwambia, shemeji, hii ngoma tutaipiga sisi.

Mshika kamba,
Fanuel


Landhi ya Reli, Voi
13 Julai

Mable mwanangu,

Anayeandika ni Wakesho. Mkono ni wake, maneno ni yangu. Nimemwapisha na Biblia yake na ya kwangu.

Sikuweza kukuandikia kwa mkono wa Fanuel. Kuna mambo mama hayatamki mbele ya mwanawe wa kiume, sembuse kumwandikisha.

Damu yangu ya mwezi imekoma tangu kabla ya Pasaka. Kwanza nilidhani ni mimba, nikaona haya, mwanamke wa umri wangu. Haikuwa mimba. Ndipo ukaja moto. Unaanzia hapa chini ya titi, unapanda shingoni, unaziba masikio. Moyo unapiga kama treni ya mizigo juu ya daraja. Halafu maji, mwili mzima, shuka nazikamua. Nikimaliza kukamua unarudi. Usingizi nimeusahau. Nikisahau chumvi nalia. Baba yako akinigusa bega nataka kupiga kelele, naye anadhani nimemchukia.

Nikitoka nje upepo ukanipiga, napata nafuu. Chini ya tangi napata nafuu zaidi. Na reli, mwanangu. Hujui reli ilivyo baridi alfajiri. Naweka shavu na kuiomba inihurumie.

Mara mbili nimejikuta nje na sikumbuki kufungua mlango.

Wewe hukumjua bibi yangu aliyemzaa mama. Kwetu walisema alikuwa anakimbia usiku. Wanasema hilo jambo linashuka na damu, linaruka wengine na kumchagua mmoja, na mwenyewe hajui linavyoanza. Linamvuta tu nje. Mable, najiuliza kama ndilo hili. Niliposikia kwamba Voi kuna mkimbiaji, niliogopa kama wengine. Nikafunga mlango. Siku ya tatu ndipo nikaelewa kwamba wananisema mimi.

Nimejaribu kujifungia ndani na kumpa Wakesho ufunguo. Moto ulipokuja nilitokea dirishani.

Fanuel anakula kwangu kila jioni. Anaketi pale kwenye kigoda na kunieleza watakavyonikamata. Nani atakaa wapi, kamba itapita wapi. Na mimi namwongezea ugali.

Mwana akiuona uchi wa mama yake, kwetu hiyo ni laana. Yeye ndiye amewekwa mbele. Mzuie. Lakini usimwandikie sababu, kwa maana barua zako anazisoma kwa sauti mlangoni pa Kaloleni kama gazeti.

Kama ni ugonjwa, niambie una jina gani. Kama si ugonjwa, niambie pia.

Mama yako,
Muhonja


Mombasa
Jumatano, 17 Julai 1974

Fanuel ndugu yangu,

Barua hii isome peke yako. Si mlangoni, si mbele ya Mwandawiro. Peke yako.

Usiende Jumamosi. Sikutanii. Mwambie Ochola tumbo linakuuma, mwambie umefiwa na shangazi, mwambie lolote. Na kama una nguvu ya kuwazuia wale wengine, wazuie. Ukikaa mtaroni siku hiyo utaona kitu ambacho hutaweza kukitoa machoni.

Mama ni mgonjwa. Si kifua kikuu, nadhani, lakini anahitaji daktari. Nimemuuliza Sista Mbula wa wodi yetu. Aliniangalia, akafunga mlango, akanieleza mambo ambayo miaka miwili ya masomo haijanieleza. Siwezi kuyaandika hapa. Kuna mambo mwana wa kiume haambiwi na hiyo si dharau kwako.

Nimeomba ruhusa. Wakinipa nitakuja mwenyewe. Kama umewahi kunipenda, Jumamosi kaa mlangoni pa mama, uupe mlango mgongo.

Mable


Kaloleni, Voi
Ijumaa, 19 Julai 1974

Dada,

Nimeisoma kwa sauti hadi ule mstari wa "peke yako", watu wakaangua kicheko, ndipo nikaenda nayo chooni. Huko nimeimaliza, na sijaielewa.

Mama mgonjwa gani? Jana amenipakulia ugali mara mbili. Tena alikaa akisikiliza mpango wote. Aliuliza hata mtaro wangu uko upande gani. Anaona fahari, mama wa watu, hajui tu kuonyesha.

Na eti nikae mlangoni, niupe mlango mgongo. Wewe unataka Ochola aseme mtoto wa Hudson amejificha kwenye sketi? Watu wote wa landhi wananiita Kamanda. Unafikiri nitakiona kitu gani kibaya kuliko nilichokwisha kukiona?

Najua unaogopa kwa ajili yangu. Usiogope. Jumatatu nitakuandikia uso wake ulivyo.

Kamanda Fanuel


SIMU YA MAANDISHI
Mombasa, 20 Julai 1974

FANUEL HUDSON LANDHI YA RELI VOI. USIENDE LEO. NAKUJA KWA TRENI. MABLE


Mombasa
Jumapili, 28 Julai 1974

Fanuel,

Namtumia barua hii Wakesho, aipeleke kwa bibi yake Sagalla, nikiomba kwamba ni kweli umejificha huko.

Simu yangu niliikuta posta Jumatatu, haijafunguliwa. Nisingeweza kuandika zaidi ya vile. Karani wa posta ni binamu yake Ochola.

Niliposhuka Jumapili asubuhi, watu walikuwa wamekaa vikundi vikundi kando ya reli na hakuna aliyenisalimu. Mwanamke mmoja alimvuta mtoto wake nyuma ya sketi. Nikajua wamemkamata mama. Nilikimbia na sanduku kichwani. Nikamkuta ndani, mzima, amekaa kitandani na shati lako mapajani, amelikunja kama nguo ya mtoto. Nikasema, "Mama." Akasema, "Wamempiga jiwe." Shati hilo alilishika hadi Mariakani, nilipokuwa nikimleta hapa Mombasa.

Nje nilimuuliza Ochola. Akanijibu kwa heshima, amevua kofia, "Pole, dada. Mkimbiaji ni ndugu yenu Fanuel. Tumemwona wote kwenye taa ya treni."

Baba nilimwambia ukweli pale kwenye swichi zake. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Na taa niliwapa mimi?" Hakula chochote siku ile.

Sasa sikiliza, kwa kuwa umelipia kujua. Mama anasema nikuambie yote, hakuna aibu iliyobaki baina yenu. Mama hana pepo. Hajarithi kitu kwa bibi. Jambo lake linaitwa kukoma hedhi. Mwanamke akifika umri fulani, mayai yake yanakwisha, damu ya mwezi inakoma, na ile dawa ambayo mwili ulikuwa unajitengenezea tangu usichana inapungua. Mwili unahangaika kama nyumba ambayo moto wake hauna mtu wa kuupunguza. Joto la ghafla, jasho, moyo kwenda mbio, usingizi kukatika, hasira, machozi, kusahau. Wengine hawasikii kitu. Wengine ni kama mama. Sista Mbula anasema yeye mwenyewe alikuwa akiingia stoo ya dawa na kukumbatia friji. Alipoyasema hayo, mama alicheka. Fanuel, sijui ni lini nilimsikia akicheka mara ya mwisho.

Tulipomweleza kwamba wanawake wengi hupita hapo, aliuliza, "Basi na bibi yangu?" Aligeukia ukuta akamlilia bibi yake kama amezikwa jana.

Daktari hakukurupuka. Alimpiga picha kifua, akapima presha, damu, na tezi ya shingo, kwa sababu hayo pia huleta jasho. Yote ni safi. Amempa vidonge vya homoni, kiasi kidogo, kwa muda, na lazima arudi kupimwa. Damu ikirudi au akiona uvimbe kwenye titi, aje mara moja. Apunguze chai kali, avae pamba, alale na beseni la maji karibu, na apate upepo. Joto litapungua. Kuisha kabisa huenda ikachukua miaka.

Sasa wewe uniambie. Ulifanya nini?

Mable


Sagalla
Jumamosi, 3 Agosti 1974

Dada,

Mimi ni mzima. Bega linaniuma. Jiwe lilikuwa la Ochola, nalijua, ndiye peke yake mwenye shabaha kama ya mama.

Mwambie mama kwanza kabisa: sikumwona. Nataka aelewe hivyo kabla hujasoma mbele. Sikumwona.

Nilikuwa mtaroni, kamba mkononi. Nyuma yangu Ochola na genge, taa ya baba imefunikwa kwa gunia, wanangoja nipige mluzi. Ukungu ulikuwa umeshuka, reli naiona hatua chache tu. Nikasikia miguu mitupu kwenye kokoto. Ikasimama karibu sana. Nikasikia nguo ikishuka. Midomo nimeshaikunja nipige mluzi.

Kikaguna.

Dada, ni ule mguno wa mama anapotua debe la maji. Ule hasa. Nimeusikia tangu nikiwa mgongoni kwake.

Sijui kama nilifikiri. Nilifumba macho, nikageuka, nikavua shati nikalirusha nyuma. Nikasema kwa lugha ya kwetu, polepole, "Jifunike uende nyumbani." Nikasikia pumzi yake tu. Nyuma huko Ochola akauliza, "Kamanda, vipi?" Nikafumbua macho, nikaona wanaanza kufunua taa.

Basi nikavua na suruali. Nikapanda juu ya reli nikalia kama fisi.

Nimekimbia, dada! Usicheke. Nimepita landhi zote natupa mawe kwenye bati, nalia, naruka, na kundi zima nyuma yangu, hakuna aliyebaki kuangalia mtaro. Hakuna mtu Voi anayeweza kunifikia nikiwa na suruali, sembuse bila. Nilipita stesheni, nikapita signali ya mwisho. Hapo ndipo treni ya mizigo ya Mombasa ilipopiga kona na taa yake ikanianika mzima. Nikasikia wakisema, "Ni Fanuel! Ni wa Hudson!" Halafu jiwe.

Kuna jambo moja nakuambia wewe tu. Baada ya signali nilikuwa peke yangu, wale wamebaki nyuma, nikasikia miguu inakimbia kando yangu. Myepesi. Hatua kwa hatua na mimi. Nikasimama, ikasimama. Nikasema labda ni mwangwi, lakini pale hakuna ukuta. Jana Mwandawiro amekuja na suruali yangu, ananiambia Ochola anaapa kwa mama yake kwamba kwenye taa ya treni walikimbia wawili.

Mama alikuwa amekwenda nyumbani, sivyo? Muulize. Au usimuulize.

Bibi yake Mwandawiro, niliyemkimbilia huku usiku ule, hakuniuliza kitu. Alichukua kikombe cha maji akanipulizia kifuani kwa mdomo na kusema maneno ya kwao, ya kutoa hasira moyoni. Huku mlimani maji ni ya foleni tangu alfajiri, na ameninyunyizia kikombe kizima. Halafu akanipa shuka ya marehemu mumewe na kuniambia nile.

Nimesoma ulichoandika kuhusu mayai na homoni. Nimesoma peke yangu. Nilikuwa namwambia uzee umebisha hodi, naye anaungua.

Fanuel


Mombasa
Jumapili, 11 Agosti 1974

Fanuel mwanangu,

Anayeandika ni Mable, maneno ni yangu.

Nilikwenda nyumbani. Nililala mlango wazi nikisikia wakipiga kelele mbali. Hilo lingine uliloliuliza sina jibu lake, na usilitafute.

Vidonge vinasaidia. Sasa moto unakuja kama mgeni, haukai siku nzima. Nalala. Jana nilikula samaki nikamaliza. Nimeketi na wanawake watatu wodini wenye jambo hili hili, mmoja alidhani amerogwa na mke mwenza, mwingine alikuwa amefungwa kamba na wanawe.

Nitarudi mwisho wa mwezi. Nikishuka tu nitasimama pale kwenye tangi niwaambie watu wote kwamba ni mimi, na ni ugonjwa, na una jina. Wewe ni kijana. Ni nani atakayekuoza binti yake? Jina la mchawi halifuliki. Mimi nimeshaishi, nipe jina langu nilibebe.

Mama yako,
Muhonja


Kaloleni, Voi
Jumatano, 21 Agosti 1974

Mama,

Nimesharudi. Kamanda hakai mlimani kama nyani.

Wanawake waambie, ndiyo. Wakesho ameanza tayari. Amewaita jikoni kwake wawili wawili na kuwasomea barua ya Mable, ile ya joto na jasho, na nasikia mke wa Ochola alitoka humo analia, maana na yeye ana shuka kwenye kamba. Hao waambie ugonjwa na jina lake, uwapeleke kwa daktari, hata kama ni kuwafunga kamba.

Lakini kwamba ulikuwa wewe, hapana. Wanaume hawa niliwaona na mawe mikononi. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao. Ukiwaambia leo ni homoni, kesho mtoto wa mtu ataugua surua na watakumbuka kwamba ulikiri. Jina hilo niachie. Mimi najua kulivaa.

Tena lina faida. Nyapara alitaka kunifukuza, ameshindwa kunitazama usoni, amenipa kazi ya kivulini. Mwandawiro anaosha miguu. Foleni ya bomba nikifika inajigawa kama bahari ya Musa. Mabinti wataogopa, ndiyo, ila yule wa kwa fundi saa amenitazama mara mbili, na si kwa hofu. Baba alikuja jana. Alisimama mlangoni, akanipa ile taa yake, akaenda kazini.

Basi rudi, Mama. Daktari amesema upate upepo, na upepo wa Mombasa una chumvi. Hapa hakuna anayefungua dirisha kabla ya jua. Mlango wako ukilia alfajiri, wanajua ni Fanuel, wanavuta shuka kichwani na kuomba Mungu. Tangi ni lako. Reli ni yako yote hadi signali. Vaa unachotaka, acha usichotaka, kaa nje hadi upoe.

Mimi nitakuwa ng'ambo, nimekupa mgongo, natupia bati la Ochola jiwe moja moja wasije wakazoea.

Mwanao,
Fanuel